Dodoso 210 na hakuna kilichobadilika: dawati la haki za binadamu la chuo lianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mtwara. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulianzisha dawati la haki za binadamu tukiwa na wanafunzi 14. Tulijaza dodoso 210 katika vijiji vitatu kuhusu uelewa wa wananchi juu ya haki zao, tukaandika ripoti, tukafanya kongamano. Halmashauri ilisema hizo ni hisia za watu tu. Chuoni nako tukaambiwa tunachanganya utafiti na uanaharakati. Sasa wananchi wa kijiji kimojawapo wanalalamikia fidia ya ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya mradi na wanataka tuwasaidie. Tufanyeje ili safari hii kazi izae kitu? Na je, ni kweli utafiti na uanaharakati havipikwi chungu kimoja?

JIBU: Mwalimu, nianze na la mwisho. Vinapikwa, na vimepikwa miaka mingi. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kilianzishwa mwaka 1986, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ndio sheria ya nchi. Hadi leo ni idara ya kitaaluma inayotoa shahada na papo hapo ni asasi inayotetea haki. Kituo cha aina hiyo cha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilishirikiana na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa kutoa, mwaka 2020, mwongozo wa kukusanya na kutunza ushahidi unaopatikana mitandaoni ili usikataliwe mahakamani. Hakuna kati yao aliyejifanya hana upande. Wanachohangaikia ni kwamba mtu asiyewapenda akiikagua kazi yao, asipate pa kuishika.

Kwa hiyo waliowaambia mnachanganya mambo wamekosea ugonjwa, ingawa ugonjwa upo. Upo kwenye swali lenu. "Uelewa wa wananchi juu ya haki zao" ni swali lisilo na mwenyewe. Mkurugenzi wa halmashauri akisoma kwamba nusu ya wanakijiji hawajui haki zao, afanye nini? Ataagiza semina, na lawama itakuwa imehamia kwa mwanakijiji asiyejua. Nitasema wazi: tafiti za uelewa zimejaa vyuoni kwa sababu ni rahisi kufanya na hazimuudhi mtu.

Swali la haki linalozaa kitu huwa na mtu mwenye mamlaka ya kulitolea uamuzi, kifungu cha sheria kinachosema alipaswa kufanya nini, na karatasi inayoonyesha alifanya au hakufanya. Fidia ya ardhi inawapa vyote, na ndiyo maana ningewashauri muweke kando mambo mengine yote mwaka huu mshike hilo.

Sheria inasema nini? Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. "Mapema" lilikuwa neno la kubishania mpaka ilipokuja Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Sasa uthamini wa fidia ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yakipita miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka 2 bila malipo uthamini unakufa, unarudiwa upya.

Basi swali lenu la kwanza liwe hili, na liandikwe ukutani mwa dawati: kati ya siku uthamini ulipoidhinishwa na siku kila mfidiwa alipoingiziwa fedha ilipita miezi mingapi, na kwa waliosubiri zaidi ya 6, riba ililipwa?

Mnaliona lilivyo kavu. Halina neno "dhuluma" wala "uelewa", lakini hakuna anayeweza kuliita hisia. Lina tarehe mbili na hesabu moja ya kutoa, na anayepaswa kulijibu ana ofisi na muhuri.

Wanakijiji watataka muanze na "fidia haikutosha". Wasikilizeni, muandike, lakini msianzie hapo. Bei ya mkorosho mmoja ni ubishi wa mthamini kwa mthamini, na ninyi si wathamini. Mkiingia huko mtapigwa kwa hoja ya taaluma hata kama mna haki. Tarehe haitaki mthamini. Na mkishashinda kwenye tarehe, mlango wa mambo mengine unakuwa umefunguka.

Vipande vya fidia

Swali la pili ni la vipande. Wafidiwa wengi hukumbuka jumla tu: "nilipewa milioni tisa na kidogo". Jumla haikaguliki. Kwa kanuni za mwaka 2001 za kukadiria fidia, kinachoitwa fidia ni vitu kadhaa vilivyojumlishwa, na kila kimoja kina namna yake ya kukokotolewa. Ipo thamani ya ardhi pamoja na maendelezo yaliyomo: nyumba, kisima, mazao ya kudumu. Ipo posho ya usumbufu, ambayo ni thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo mabenki ya biashara hutoa kwa amana ya miezi 12. Ikiwa thamani ni 9,000,000 na wastani wa riba ni asilimia 8, posho ni 720,000. Ipo posho ya usafiri, yaani gharama halisi ya kubeba tani 12 za mizigo kwa reli au barabara umbali usiozidi kilomita 20. Ikiwa tani moja hubebwa kilomita moja kwa shilingi 1,000, hiyo ni 12 × 20 × 1,000, sawa na 240,000. Ipo posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba kama ile mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa 60,000 inadai 2,160,000. Na ipo hasara ya faida kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. (Namba hizi ni za mfano wa hesabu tu. Kanuni zenyewe mzisome katika toleo lililokuwa likitumika siku uthamini ulipofanyika, si la leo. Makaburi nayo yana sheria yake ya kuhamishwa, msiyaingize kwenye jedwali moja.)

Mkikaa na kanuni hizo jioni moja, mtaona mashimo mawili ambayo yanawahusu watu wa huku moja kwa moja. La kwanza: hasara ya faida huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Mama anayeuza vitumbua na chai barazani kwake hana mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo kipande hicho kwake kinaweza kuwa sifuri. La pili: posho za usafiri na makazi hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Aliyechukuliwa shamba la mikorosho huku nyumba yake ikiwa kijijini hana chake kwenye posho hizo, hata kama lile banda la shambani ndimo anamolala miezi yote ya kuokota korosho. Hapo halmashauri haijavunja sheria. Sheria yenyewe ndiyo yenye tundu. Mambo haya mawili mkiyaona uwandani, yaandikeni katika sura yao pekee, kwa sababu yanapelekwa kwa mbunge na wizarani, si kwa mkurugenzi. Kuchanganya "mmevunja kanuni" na "kanuni ni mbaya" kwenye ukurasa mmoja ndiko kunakompa mkurugenzi nafasi ya kujibu la pili na kulinyamazia la kwanza.

Barua kabla ya basi

Barua ya utambulisho ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mwisho mtendaji wa kijiji. Itaje kichwa cha utafiti, majina ya watafiti wote, kijiji, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Jipeni wiki nne, na kila mmoja awe na nakala mkobani, maana mtendaji wa kata aliyekuwa safarini siku mlipopita ndiye atakayewasimamisha siku ya tatu ya kazi.

Kuna vikundi huandika "utafiti wa kitaaluma pekee" ili barua isikwame, halafu wiki tatu baadaye vinaonekana redioni vikidai fidia. Msifanye hivyo. Andikeni sentensi hii au ya namna yake: matokeo yatarudishwa kwa wananchi na yatatumika kuandaa mapendekezo kwa mamlaka husika. Sentensi hiyo inaweza kuchelewesha barua siku kumi. Ikikosekana, mtu akitaka kuwafungia mlango hatahitaji sababu nyingine.

Sambamba na hiyo, andikeni ombi la taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma kwa maandishi, na taasisi ina siku 30 za kujibu. Msiombe "taarifa zote za mradi". Ombeni tarehe Mthamini Mkuu alipoidhinisha jedwali la fidia la kijiji hicho, idadi ya wafidiwa, na tarehe za kila awamu ya malipo. Mistari mitatu. Ombi pana hujibiwa kwa upana uleule, au halijibiwi. Liandikwe kwa jina la raia mmoja wenu, mpate muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala. Hata wasipojibu, muhuri ule na siku 30 zilizopita ni kiambatisho cha ripoti.

Sheria nyingine mbili mzijue. Ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa 2018 ikawatisha watafiti wengi, kisha ikalegezwa 2019. Hata hivyo msiyaite matokeo yenu takwimu rasmi, semeni ni matokeo ya utafiti wa dawati na muonyeshe mlivyoyapata. Na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu kwa sababu mtakusanya majina, simu na mambo ya fedha za watu. Mwulizeni mwanasheria wa chuo kama usajili wa chuo kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unaligusa dawati lenu.

Uwandani

Msichukue sampuli. Najua wanafunzi wana mapenzi na fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: kaya 480, kosa la 0.05, jibu 218, biashara imekwisha. Sampuli ni kwa kundi usiloweza kulimaliza. Wafidiwa wa kijiji kimoja wana orodha, na orodha ikiwa na watu 140, mnawafuata wote 140. Ukimwacha mmoja kwa bahati nasibu huenda ndiye mjane aliyelipwa nusu.

Hesabu ya siku ni nyepesi. Mahojiano yenye kukagua karatasi huchukua dakika 50 hadi saa moja na robo. Wawili wawili, mmoja anauliza mwingine anaandika na kupiga picha nyaraka, watafikia watu 4 kwa mchana mmoja bila kulipua. Jozi 4 ni watu 16 kwa siku, kwa hiyo siku 9 za kazi, ongeza 2 za kuwarudia mliowakosa. Wanafunzi wenu 14 hawahitajiki wote kijijini. Wanne au watano wabaki wakiingiza taarifa jioni ileile, kwa sababu kosa la mwandiko linaloonekana usiku linasahihishwa asubuhi. Likionekana Oktoba, limeshakaa.

Likizo ya vyuo inaangukia Julai hadi Septemba, na huo ndio wakati wa kupuliza salfa mikorosho. Wenye mashamba hupuliza alfajiri na asubuhi upepo ukiwa umetulia. Anayekuja kuuliza maswali saa tatu asubuhi atawakuta wazee na watoto, ahitimishe kwamba kijiji kimejaa wazee. Anzeni saa nane mchana. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kudondoka msiende kabisa.

Mhojiwa asomewe ridhaa kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida: ninyi ni nani, mnauliza nini, majibu yataonwa na nani, anaweza kukataa swali lolote au kuacha katikati, na kwamba ninyi hamlipi fidia wala hamuahidi. Hilo la mwisho lirudiwe mara mbili. Fidia inapotajwa, kila mgeni mwenye karatasi huonekana mthamini mpya, na mtu anayedhani unathamini atakutajia mikorosho mingi kuliko aliyokuwa nayo. Si uongo wa tabia, ni akili ya kawaida ya mtu aliyewahi kupunjwa. Kwa ajili hiyo hiyo, mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wawasindikize mpaka uani, waage. Wakikaa kwenye mkeka mtapata majibu ya kumpendeza aliyeketi. Bibi anayesema Kimakonde au Kimwera vizuri zaidi kuliko Kiswahili apewe mkalimani asiye ndugu wa mfidiwa mwingine.

Sasa swali lenyewe. Mkiuliza "ulilipwa lini?" mtajibiwa "msimu ule korosho zilinunuliwa na serikali kwa elfu tatu na mia tatu". Jibu zuri sana hilo, kwani bei ile ya 3,300 kwa kilo ni ya msimu wa 2018, lakini linawapa mwaka, haliwapi siku. Liandikeni, kisha ombeni kuona ujumbe wa benki kwenye simu au taarifa ya akaunti. Tarehe ya mdomo ni dalili, ya benki ni ushahidi. Mkipiga picha taarifa ya akaunti, funikeni kwa karatasi kila kitu isipokuwa jina, tarehe na mstari wa malipo husika. Hamna kazi na namba ya akaunti yake wala alichotoa mwezi uliofuata, na siku simu ya mwanafunzi ikiibwa mtafurahi kwamba hamkuvichukua. Picha ya asili isiguswe, isikatwe, isipitishwe WhatsApp, maana WhatsApp huibana na kuiondolea taarifa za siku na saa. Ihamishwe kwa waya usiku ule kwenye diski mbili zinazokaa sehemu mbili tofauti.

Kila mhojiwa awe namba, tuseme K2-031. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwenye faili jingine lenye nywila, chini ya mtu mmoja, si kwenye kompyuta ya dawati ambayo kila mwenye kuchapa kazi yake huiazima.

Jambo moja la kuangalia kwa jicho la karibu ni jina lililo kwenye fomu ya uthamini. Kwa mila za Wamakonde na Wamwera ukoo hufuatwa upande wa mama, na wanawake wengi wana mikorosho waliyoachiwa na mama au mjomba. Siku ya uthamini aliyesimama mbele ya kamera anaweza kuwa mume, kwa kuwa mke alikuwa kliniki au msibani. Basi ulizeni maswali matatu yaliyotengana: shamba lilikuwa la nani, nani alisaini fomu, fedha iliingia akaunti ya nani. Majibu matatu yakitofautiana, mna jambo ambalo dodoso la uelewa lisingeligundua. Mhojini mke peke yake.

Idadi ya miti nayo inakaguliwa bila kuwa mthamini. Nafasi inayopendekezwa kwa mikorosho ni mita 12 kwa 12, yaani takriban miti 28 kwa ekari au 69 kwa hekta. Fomu ikisema shamba la ekari 2 lilikuwa na miti 56, hakuna la kushangaza. Ikisema miti 19, ulizeni. Huenda lilikuwa shamba la zamani lenye mapengo, huenda miche haikuhesabiwa, huenda ukurasa wa pili wa fomu haukunakiliwa. Mhojiwa akidai 120, ulizeni vilevile. Wepesi wa kumshuku aliye upande wenu ndio utakaowafanya muaminiwe na wa upande wa pili.

Kupanga ushahidi

Kila dai lipewe daraja kabla ya kuandika neno moja la ripoti. A ni lenye nyaraka. B ni lenye mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja. C ni la mdomo wa mhusika pekee. Halafu mnahesabu kila daraja kivyake. Tuseme orodha ina watu 140, mkawapata 131, na 96 wakawa na tarehe ya daraja A. Kati ya hao 96, walio juu ya miezi 6 ni 71. Ripoti iseme hivyo hivyo: 71 kati ya 96 wenye nyaraka. Isiseme "wananchi wote wamecheleweshewa", wala "asilimia kubwa". Mtu 1 tu aliyelipwa kwa wakati anatosha kuubomoa "wote" mbele ya baraza la madiwani.

Kabla ya kwenda, andikeni ukurasa mmoja unaosema mtahesabu nini na jibu lipi litamaanisha nini, muupe mhadhiri wa idara nyingine autie saini na tarehe. Ukurasa huo ndio majibu yenu kwa wakuu wa chuo. Ukionyesha kwamba mliahidi mapema kuchapisha hata mkikuta riba ililipwa kikamilifu, neno "wachochezi" linakosa pa kukaa. Na mkikuta ililipwa kweli, chapisheni. Wanakijiji watanuna wiki mbili.

Ikishaandikwa rasimu, ipelekeni kwa mkurugenzi kwa siku 14 ili ajibu, na jibu lake liingizwe lilivyo. Mara nyingi ataleta karatasi ambayo hamkuwa nayo. Hiyo ni faida, afadhali iletwe kwenye rasimu kuliko kwenye mkutano na waandishi wa habari.

Kulipeleka

Matokeo yaanzie kijijini, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yakisomwa kwa dakika 20 na mwanafunzi aliyefanya mahojiano, kwa jumla, bila jina la mtu. Kisha karatasi ya kurasa mbili kwa diwani wa kata, wiki tatu hivi kabla ya kikao cha robo mwaka cha baraza la madiwani. Mwenye kupeleka hoja pale ni diwani, si ninyi, na hoja iliyofika siku mbili kabla haiingii kwenye ajenda. Ukurasa wa kwanza uwe na swali, jibu kwa namba, kifungu cha sheria, na jambo moja mnaloomba: halmashauri ikokotoe na kulipa riba kwa walioorodheshwa. Moja. Redio ya jamii ije baada ya hapo. Mkitaka maandamano au mkutano wa hadhara, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Mimi ningeyaweka mwisho kabisa, na wanakijiji ndio waamue, kwa kuwa wao ndio watakaobaki pale ninyi mkipanda gari.

Baraza likinyamaza, upo mlango wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi ya tawi Lindi. Malalamiko hupokelewa bure, kwa mdomo au maandishi. Haishughulikii jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo amueni mpangilio mapema: mkitangulia mahakamani mmejifungia mlango huo.

Mahakamani kwenyewe si kwenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka anayetoa msaada huo awe amesajiliwa, kwa hiyo mwanafunzi asimwandikie mtu hati ya madai wala asimshauri ashitaki au asishitaki. Aseme: nenda kwa msaidizi wa kisheria fulani, huyu hapa. Tengenezeni orodha ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wa wilaya hiyo kabla ya siku ya kwanza ya mahojiano. Jueni pia kwamba tangu 2020 kuishitaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu; waliokimbilia baraza la ardhi la wilaya wamefukuziwa mlangoni wakiwa na hoja nzuri. Na mwaka huohuo sheria ya kudai haki za msingi ilibadilishwa, anayefungua shauri la kikatiba lazima aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Dawati haliwezi kusimama badala ya kijiji. Wafidiwa ndio wadai, na kazi yenu ni lile jedwali la daraja A, likiwa safi kiasi cha wakili kulichukua bila kulisuka upya.

Limebaki la zile dodoso 210. Nadhani ziko kabatini ofisini, na ukurasa wa kwanza wa kila moja una jina, kitongoji na namba ya simu. Kabla hamjaandika barua ya kwanza ya kazi mpya, tazameni ridhaa waliyosaini watu wale ilisema zitatunzwa kwa muda gani. Kama haikusema, tengeni kurasa za kwanza zote, zifungiwe mahali pengine chini ya kamati ya maadili ya chuo mpaka itoe uamuzi wa kuziharibu. Majibu yaliyobaki bado yana kazi moja: yapitieni mtafute kila mahali mtu alipoandika neno "fidia" pembeni bila kuulizwa.